Sindano Ikiwa Katikati

Mwaka wa 1999 kaka yangu Sylvain alikuwa anajifunza urubani kwenye kiwanja cha Gisenyi, na kosa lake lilikuwa moja. Mwalimu Karenzi alipoiacha ndege ianguke ikizunguka kushoto, Sylvain alipunguza nguvu ya injini, akakanyaga pedali ya kulia, akasukuma usukani mbele. Ndege ikaacha kuzunguka. Lakini mwili wake ukamwambia kwamba sasa inazunguka kulia, akakanyaga kushoto, na ndege ikaanza upya. Karenzi ndiye aliyewaokoa. Alisema akirudia tena, atamfukuza kabla hajawaua wote wawili.

Basi tukaziba madirisha ya sebule kwa mablanketi. Sylvain akakaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka, amepakata betri na kifaa cha kuazimwa chenye sindano inayoonyesha ndege inageukia wapi. Tochi iliangaza sindano tu.

"Bon, haya, zungusha," akasema.

Nikazungusha kushoto kwa muda mrefu, kisha nikakisimamisha kiti, nikaondoka.

"Umuhire, usinirudishe kulia."

"Kiti kimesimama, kaka."

"Unanizungusha. Mikono yako iko mugongoni mwangu."

Nilikuwa mlangoni. Sindano ilikuwa katikati, imetulia, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unasukuma hewa.

"Hapo tumeshakufa," nikamwambia. "Soma sindano."

Tulirudia kila siku, mpaka akaacha kubisha. Alikuwa akisema polepole, "Nazunguka, lakini sindano inakataa," na miguu yake inatulia.

Siku ya jaribio, Karenzi mwenyewe alimrudisha nyumbani.

"Ndani ya wingu, juu ya ziwa, na hakukosea," akasema. "Huyu sasa ni rubani."

Sylvain alikuwa amebaki kizingitini.

"Ingia, kaka."

"Niko wima?"

Karenzi akacheka. Mimi pia nilidhani ni mzaha.

"Uko wima."

Akaingia. Mbele ya kiti akauliza, "Nimefika?" Nikamwambia amefika, ndipo akakaa. Nikampa kikombe cha chai.

"Nimekishika?"

"Umekishika."

Karenzi akaaga, hacheki tena. Sylvain akanigeukia, akanikazia macho usoni, katikati kabisa, bila kupepesa, kama alivyokuwa akiikazia sindano. Mimi, mtu akinitazama, huinamisha kichwa. Safari hii nilikaza shingo, nikaogopa hata kumeza mate.