Tundu Kwenye Ukwato wa Kushoto

Saisi, mtunza farasi wa zizi, hakuwa na cheti, hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na buti zisizovuja, wala hakuwa na uthubutu wa kumkatalia shemeji yake.

Shemeji, kaka wa mkewe, ndiye aliyewapigia viatu farasi wote wanane. Siku moja msumari ulikwenda upande, ukamchoma jike mmoja wa kijivu ndani ya ukwato.

"Ziba tu, shemeji," alisema. "Msimamizi akijua, nafukuzwa. Nikifukuzwa nahamia kwako, na unajua ninavyokula."

Saisi akacheka. Akaziba tundu kwa lami, akanyamaza.

Siku ya kumi alimkuta jike amesimama kama meza, miguu imepanuka, mkia umeinuka. Alitaka maji, lakini kichwa hakikushuka kwenye ndoo. Saisi alipopiga makofi karibu na uso wake, ngozi nyeupe ilichomoza pembeni mwa jicho, ikalifunika nusu, ikarudi.

"Ni pepopunda," alimwambia daktari wa mifugo.

"Ni misuli. Mzee, wewe ulisomea wapi?"

"Chuo Kikuu cha Mavi ya Farasi," msimamizi akadakia, akacheka peke yake.

"Basi nionyeshe kidonda," daktari alisema. "Pepopunda haiingii kwa upepo."

Saisi alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa amekazana kufuta nyundo iliyokwisha kung'aa. Saisi akainamisha kichwa. Daktari akachoma sindano ya maumivu, akaenda zake.

Saisi alifanya aliyoyaweza. Alitundika magunia dirishani kuzuia mwanga, akamziba jike masikio kwa pamba, akainua ndoo hadi usawa wa kifua. Kesho yake mchana taya zilikuwa zimefungana. Hapo ndipo alipompelekea daktari habari ya msumari.

Daktari alirudi mbio, akalichimbua tundu. Usaha mweusi ukatoka, unanuka. Akampiga jike sindano ya penisilini na ya dawa ya kukata sumu.

"Jana dawa ingeikuta sumu njiani," alisema bila kuinua macho. "Leo sumu imeshafika kwenye mishipa ya fahamu."

Jike alikufa siku ya tatu ya ugonjwa, amekauka kama ubao.

Msimamizi akamwandikia mwenye farasi, aliyeishi mbali, kwamba ni tumbo. Daktari akatia saini. Kila mtu akapona, isipokuwa jike.

"Umeona?" shemeji alisema. "Yamekwisha."

"Hao saba hawajachanjwa. Na viatu vyao unavipiga wewe. Nitamwandikia mwenye farasi."

"Ukiandika, usiniite shemeji tena. Dada yangu nitamwambia mwenyewe umenifanya nini."

"Mwambie."

Saisi aliandika kwa herufi kubwa, polepole: jike amekufa kwa pepopunda; msumari ulipigwa na shemeji yangu; tundu nililiziba mimi, na daktari aliponiuliza nilinyamaza; tafadhali wachanje waliobaki. Akalamba bahasha, akaikandamiza kwa kiganja, akaenda posta kwa miguu na kuitumbukiza.