Sentensi Ambayo Komanda Hakuimaliza

Umezoea kugeuza macho. Ukisikia Masisi, huko mashariki mwa Kongo, unatafuta habari za mpira. Leo kaa hapa.

Asubuhi moja ya vita, katika kambi ya wakimbizi ya Kashuga, Mama Verdiane alikuwa akichambua maharage alipoitwa na Dokta Kasoki wa Butembo, aliyeleta kofia ya kupiga picha ubongo. Dokta alitaka kujua damu hukimbilia wapi kichwani mtu anapongoja mwisho wa sentensi ndefu.

Verdiane akavishwa kofia, akasomewa: "Mbuzi ambaye Mama alimfunga jana akiwa na haraka ya kwenda shambani..." Kwenye ekrani, kioo cha mashine, rangi ya chungwa ilipanda, ikangoja. "...amekula kamba." Ikashuka.

"Mulango ya kichwa yako inangoja neno la mwisho," dokta akasema.

"Ya kwangu iko kama ya kanisa, haifungwake," Verdiane akajibu, wanawake wakacheka.

Komanda wa wapiganaji walioshika eneo lile naye alikuja kushangaa mashine. Verdiane akamuuliza, kofia ingali kichwani: "Papa Komanda, bwana yangu Sebahire mulimuchukua abebe mizigo kule Rubaya kwenye machimbo. Iko wapi?"

"Sebahire, ule tulimubebesha mufuko ya koltani," alisema komanda, "mvua ikanyesha, udongo ikaanza kushuka, pale njo sisi..."

Akatazama saa yake.

Rangi ya chungwa ikajaa ekrani. Verdiane akapanda hewani pamoja nayo, mkeka aliokalia na yote, mpaka turubai la kivuli. Waliosikia wakamfuata, dokta pia.

"Dada Rosalie, kaza kikwembe kiunoni, tunaona yote!" wa chini wakapiga kelele.

"Basi mufunge macho!"

Walio chini waliwafunga vifundo vya miguu kwa kamba za mbuzi wasipeperuke mpaka Walikale. Kazi iliendelea: wa juu waliziba matundu ya turubai, wa chini waliwapandishia ugali kwa mpini wa jembe.

Vilimani kwao, anayeanza maneno mbele ya watu lazima ayamalize, au alipe kasiksi, pombe ya ndizi. Komanda aliijua desturi hiyo.

"Maliza, Papa! Ao leta kasiksi!" watu wakamwambia.

Waliomtangulia komanda huyu nao walichukua wabebaji, na waliowatangulia hao pia. Wote waliacha maneno katikati. Huyu alifikiri kidogo. Jioni gari likashusha madumu ya kasiksi.

"Nimelipa," akasema. "Sheria yenu njo ile."

Akaondoka. Hewani wakanywa, wakacheza wakigongana viuno, kamba zikajisokota kama nywele za bibi harusi. Hakuna aliyeshuka. Verdiane hakunywa. Kutoka kule juu aliuona mlima wa Rubaya, mwekundu, na safu ya watu wenye mifuko mgongoni bado ikitembea. Alitafuta shingo ya Sebahire, akipitia shingo moja baada ya nyingine.

Verdiane yuko juu mpaka sasa. Huko analala, huko anachambua maharage.

Na wewe umekwisha kuisikia sentensi ile. Usingoje kesho. Inuka, mtafute komanda popote alipo, simama mbele yake, umwambie: Papa, mulifanya nini?