Mkono wa Osu

Mizinga ya adui ilikuwa inakata vichwa vya michikichi tulipotambaa uwanjani kumfuata Sajini Uzodinma aliyeanguka. Daktari Anozie alitangulia, mimi nikafuata nikiburuta machela. Paja la sajini lilikuwa limepasuka na damu ilikuwa inaruka.

Daktari na sajini walitoka kijiji kimoja. Anozie alizaliwa osu, kizazi kilichowekwa wakfu kwa miungu. Kwetu Waigbo, mtu huru haoi kwao wala hali nao sahani moja.

"Usiniguse, osu!" sajini alifoka. "Heri nife nikiwa safi!"

"Kufa utakufa," daktari alijibu, akikaza mkanda juu ya jeraha. "Lakini si leo, na si mikononi mwangu, mjinga wewe."

Sajini akamtemea mate usoni. Risasi zikachimba udongo kando yetu. Daktari hakujifuta. Alijilaza juu ya sajini, akamkinga kwa mgongo wake, huku vidole vikiutafuta mshipa ndani ya paja. Kipande cha chuma kikamchana bega. Akatukana, lakini mkono hakuutoa.

Damu ilipokoma, sajini alinong'ona, "Nyumbani usimwambie mtu kwamba ulinigusa."

"Nitasimama katikati ya soko la Eke kijijini niwatangazie wote," daktari alisema. "Wakukimbie na wewe, uonje."

Tulimburuta hadi handakini. Njia nzima sajini alitutukania mama zetu, kwa sauti ya mtu atakayeishi.