Foleni ya Ijumaa

Ijumaa baada ya chakula cha mchana, Mukai alikuwa mlangoni kwake mtaani Kianda akichambua maharagwe, na benchi la uani lilikuwa limejaa. Mhubiri mwenye suti nyeupe alikuwa ameshika Biblia magotini. Pembeni yake alikaa mama wa mapishi na sufuria iliyofunikwa, kisha mtangazaji wa mpira aliyechoka kunyamaza. Wapangaji walikuwa wamewafungua kwenye simu zao tangu asubuhi, na sasa kila mmoja alikuwa anangoja zamu yake kupita kwenye ruta.

Ruta yenyewe ilikuwa kijisanduku cha kugawa intaneti, kilichopigiliwa ukutani juu ya mfereji wa maji. Muchiri, mwenye ploti hii ya nyumba za kupanga, aliiokota kwenye magorofa ya Nyayo Highrise mtu alipohama akaiacha. Akaifunga, akaandika WAIFAI kwenye geti, na kodi ikapanda siku hiyohiyo. Muchiri kwa mambo ya kupandisha hachelewi.

Mwanzoni watu wa benchi walisumbua kidogo, hasa upande wa choo. Timu mbili za mpira zikikaa zinangoja, choo kimoja hakitoshi. Lakini mgeni ni mgeni. Wapangaji waliwazoea, wakawa wanawapa chai ya rangi, nao wakajipanga kama watu wa kuteka maji, bila kusukumana.

Kavindu, binti wa Mukai, alikuja kama kila Ijumaa. Anafanya kazi ya nyumba Uarabuni, na Ijumaa ndiyo siku madam wake humpa simu. Akishapiga, hutokea mwisho wa foleni Kianda akiwa na aproni, mikono inanuka dawa ya kuoshea choo. Mukai alimpa kikombe, akamketisha kwenye mkeka, akaanza kumsuka.

"Mwaitu," akasema Kavindu, maana ndivyo Wakamba wanavyomwita mama, "kontrakti iliisha kitambo. Pasipoti bado iko kwa droo ya madam. Nikiuliza, anasema nitaenda mwezi ujao."

"Na mwezi ujao ukifika?"

"Anasema ujao."

Mukai alikuwa na hasira mpaka vidole vikakaza nywele, na Kavindu akamwambia asivute sana.

Kichwa hakijafika nusu, zamu yake ikafika. Kavindu aliinuka, akajikung'uta, akaingia kwenye ruta. Simu ya Mukai ikalia, na binti akatokea humo akiwa mdogo kama picha ya kitambulisho, vidole vya madam vikionekana pembeni.

"Niko sawa, mwaitu," akasema akitabasamu. "Madam anawasalimia." Kisha simu ikakatika.

Walishawahi kujaribu kutoroka kwa geti. Mukai alimshika mkono wakatembea kama watu wanaoenda kununua sukuma wiki. Hapo getini Kavindu akaganda, mguu mmoja hewani, uso ukawa vipandevipande vya mraba, na ikabidi wamrudishe polepole hadi kwenye benchi. Hawakurudia. Siku hiyo Mukai alilia mpaka maharagwe yakaungua jikoni.

Osewe wa mlango wa pili alikuwa na shida yake. Yeye husikiliza sauti za watu wa ng'ambo na kuandika wanachosema, na kazi ikichelewa kufika, anapewa mwingine. Zake zilikuwa zinachelewa kila siku kwenye ile foleni. Akaenda stendi ya Kawangware 56, akaja na fundi anayeitwa Nyongesa.

Nyongesa alipanda stuli, akaigusa ruta, akatoa mkono haraka kwa lile joto. "Waya inaleta spidi poa mpaka hapa kwa ukuta," akasema. "Shida ni huyu mzee. Alitengenezwa wakati nyumba ilikuwa na kompyuta moja. Saa hii mmempea simu za ploti nzima, na yeye anahudumia mmoja mmoja. Hata mkilipia waya ya nguvu aje, spidi itangoja tu kwa mlango wake."

Muchiri alipoulizwa, alisema ruta inawaka taa, kwa hivyo ni nzima. Wapangaji wakaamua kuchanga wanunue mpya. Mukai akakataa.

"Mama Kavindu, mimi nitakula nini?" Osewe akamuuliza. "Hii kitu inanimaliza."

"Kwa simu, mtoto wangu yuko sawa kila wiki," Mukai akasema. "Ukweli anauacha hapa kwa benchi. Mkitoa foleni, nitabaki na yule wa kwa simu."

Osewe alikasirika, halafu aibu ikamshika, halafu akakasirika tena kwa sababu ya ile aibu. Akaingia kwake akafunga mlango.

Mpya ilinunuliwa. Njaa haina adabu. Nyongesa aliifunga juu ya mfereji, na ya zamani akaiunganisha nyuma yake, akaitundika ukutani kwa Mukai iwe yake peke yake, Kavindu aendelee kupitia humo. Benchi likaishiwa watu asubuhi moja. Mhubiri alipita bila hata kumaliza chai.

Ijumaa Kavindu akaja. Ruta ya zamani, ikiwa haina mtu mwingine wa kuhudumia, ikampitisha hapohapo. Mukai hakuwahi hata kumgusa nywele. "Niko sawa, mwaitu," simu ikasema, na ikakatika. Osewe alimwona Mukai kupitia dirisha, ameketi peke yake mkekani, kitana mkononi. Kazi yake siku hiyo ilifika mapema, na hakuifurahia.

Ijumaa iliyofuata alifunga kompyuta saa sita, akaanza kugonga milango.

"Leo kila mtu arudi kwa ile ya zamani," akawaambia. "Fungueni chochote. Ikiwa nzito ndio poa."

Wengine walifungua mpira, wengine mapishi, wengine harusi za watu wasiowajua. Uani pakajaa mpaka bibi harusi mmoja akakalia mtungi wa maji. Ruta ikaanza kupepesa taa na kupata joto. Kavindu alipotokea, alikuwa wa mwisho kabisa, na Mukai alikuwa ameshatandika mkeka.

Pasipoti ilikuwa bado kwenye droo ileile. Kavindu aliyasema hayo, akasema na mengine ambayo kwenye simu hayasemeki, na mama yake akasikiliza yote huku akigawa nywele.

"Madam anatikisa simu huko," Kavindu akasema, akaanza kucheka. "Anasema mtandao wa Kenya ni mbaya sana."

"Ni mbaya kweli," Mukai akakubali.

Foleni ilisogea. Zamu ya Kavindu ilikaribia, na kichwa kilikuwa kimebaki upande mzima. Osewe akatafuta haraka kitu kirefu kuliko vyote, akapata hotuba ya mheshimiwa mmoja kuhusu vijana kutafutiwa kazi nchi za nje. Mheshimiwa akatokea mwisho wa foleni akiwa na koti na tai, akitafuta mtu wa kulalamikia.

"Tangulia, mheshimiwa," Kavindu akamwambia kutoka mkekani. "Sisi hatuna haraka."

Mheshimiwa akapita bila kushukuru, na hotuba yake ilikuwa ndefu. Mukai akachukua kitana, akaanza mstari mwingine.