Kisiki cha Saa Kumi na Moja

Vumbi lako liliingia ndani kabla yako, baba. Lilitangulia mlangoni, likaelea kwenye mwanga wa asubuhi, likatua juu ya meza, juu ya redio, juu ya madaftari yangu ya shule, ndipo ukatokea wewe, begi begani, unacheka. Mama alikuwa anakungoja na ufagio. Alikukung'uta mgongo kabla hajakusalimu.

Ulikuwa dereva wa watalii. Siku ishirini na sita mbugani, siku nne nyumbani, na katika hizo nne, mbili ulilala. Mbili zilizobaki ulitupatia simba.

Ulitupa simba mezani, ukatupa chui juu ya tawi, ukatupa tembo jike mwenye sikio lililochanika, uliyemwita Kitambaa, aliyelijua gari lako kwa mlio. Na ukiishiwa na wanyama ulitusimulia kisiki. Kisiki kilichoungua, ng'ambo ya daraja la mbao, ambacho madereva wote walikiita Mzee Kazini. Siku wanyama wakigoma kutokea, saa kumi na moja, jua likiwa machoni mwa wageni, dereva husimama mbali, hunyoosha kidole, hunong'ona: simba yule, amelala. Wageni hupiga picha, hurudi hotelini roho zao zimetulia. Tulicheka mpaka mama akatufukuza mezani.

Kisha ulirudi kazini. Mama alilifagia vumbi lako lote, nyumba ikawa safi, na mimi niliuchukia usafi ule.

Ajabu ni kwamba nimekuwa dobi. Nina chumba chenye pasi tatu na kamba sita, na kutwa nzima natoa kwenye nguo za watu kile ulichokuwa unatuletea wewe. Mikono yangu haitulii. Nikikaa natikisa mguu, nikila nimesimama, nikilala napanga ya kesho.

Na sasa macho yako yanaondoka. Daktari alisema mwaka hautaisha nayo. Mwenyewe unasema unaona kama mtu anayechungulia kwenye kioo cha bafuni, baada ya mwingine kuoga maji ya moto. Nilikuuliza unataka kuona nini kabla hayajazimika, nikidhani utafikiri kwanza.

"Kitambaa," ulisema papo hapo.

Tukapata siku moja. Dereva wetu, mwenye kipara, ulimfundisha kazi mwenyewe, na mpaka leo anakuita mwalimu. Alikuketisha kiti cha nyuma, kiti cha wageni, ulichokifuta kila alfajiri miaka thelathini na hukuwahi kukikalia. Kila kona mguu wako ulitafuta breki.

Mimi nilisimama, kichwa nje ya paa, darubini usoni. Twiga wanne, shingo juu ya miiba. Tusogee, nikasema. Pundamilia wakijikuna kwenye kichuguu. Tusogee. Nyati, matope mgongoni, akatutazama kama tunamdai. Tusogee, tusogee kidogo. Vumbi lilipanda nyuma yetu, likatufikia kila tuliposimama, na hatukusimama sana.

"Dada," dereva akasema, "hawa hawana ratiba."

"Sisi tunayo," nikamjibu. Geti lilikuwa linafungwa saa kumi na mbili.

Tulikuta kundi la tembo mtoni. Nikakagua masikio, moja baada ya jingine, kama ninavyokagua kola za mashati. Mazima yote. Tusogee.

Ulikuwa unauliza, baba. Kwa upole, kwa adabu ya mgeni aliyekaa nyuma, ulikuwa unauliza, "Hapo kuna nini?" Nami nilikujibu, hakuna kitu. Uliuliza tena penye maji, ukauliza penye miamba, ukauliza mahali ambapo nyumbu walijaa uwanda mzima mpaka unapokutana na mbingu. Hakuna kitu, nikasema, kwa sababu katika wote hao hakuna aliyekuwa Kitambaa.

Mchana, tuliposimama kula, wewe ulisinzia kidogo. Dereva akanisogelea. "Dada, nisikufiche. Tangu mvua za mwaka juzi hajaonekana."

Nilimwomba asikuambie. Chakula changu sikukimaliza.

Jua likashuka. Tulivuka sehemu fulani magurudumu yakagonga mbao, gari likatetemeka, tukapanda mwinuko. Dereva alitazama saa yake, akanitazama mimi kwenye kioo. Mbele yetu, mbali, kulikuwa na kitu cheusi kwenye nyasi. Nilijua si mnyama. Nilijua kabisa, kwa macho yangu mazima mawili.

"Simamisha," nikasema. "Baba, yule pale. Kitambaa."

Uligeuza uso upande ule. Uso wako wote ukafunguka, nikataka ardhi inimeze.

"Anafanya nini?"

"Anakula."

"Masikio anayapiga?"

"Anayapiga. Lile lililochanika naliona."

Dereva akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha vumbi.

"Tumevuka daraja la mbao sasa hivi," ulisema.

"Ndiyo, mwalimu."

"Na jua liko machoni."

"Liko machoni, mwalimu."

"Basi huyo ni Mzee Kazini." Ukavua kofia, ukamwamkia. "Shikamoo, mzee. Bado hujastaafu?"

Nilijua ni kisiki, baba. Sikujua ni kile. Nikaketi, na nikashindwa kucheka, ingawa nyinyi wawili mlicheka mpaka gari likatikisika.

Halafu swali likanitoka kabla sijalizuia. "Na wale simba wa mezani?"

Uliirudisha kofia kichwani. "Nusu yao."

"Visiki?"

"Visiki. Kuna miezi tulizunguka tukaona nyasi tu, mwanangu. Ningewaambia nini? Kwamba nimewaacha siku ishirini na sita nikaangalie nyasi?"

Nilikasirika. Nilikasirika kwa ajili ya mtoto aliyekuwa anayahesabu makucha ya simba wale kitandani, na kwa ajili ya mama na ufagio wake. Nikataka kusema tusogee. Lakini hapakuwa na pa kusogea, na mimi mwenyewe nilikuwa nimekuonyesha kisiki muda ule ule.

"Zima gari," ulimwambia mwanafunzi wako. Kisha kwangu, "Sasa niambie kilichopo."

Nikatazama. Mara ya kwanza siku nzima, nikatazama pasipo kutafuta. Nikakuambia, kuna nyasi, zimefika magotini, juu zimekauka, chini bado zina kijani. Kuna ndege mweupe amekaa juu ya Mzee Kazini, anajichokonoa kwapa. Kuna ngiri na watoto watatu, mikia juu. Hapana, wanne, wa mwisho amejikwaa. Kuna vumbi letu wenyewe, linatupita polepole, lina rangi ya chai ya maziwa.

"Lina jua ndani?" uliuliza.

"Linalo."

Mguu wako ulikuwa umetulia. Wangu pia. Tulilifikia geti dakika ya mwisho, mlinzi akatufokea, dereva akapokea lawama zote kwa heshima yako.

Kesho yake asubuhi, tulipofika nyumbani, mama alikuwa mlangoni na ufagio. Alikukung'uta wewe, akanigeuza, akanikung'uta na mimi, kwa nguvu zaidi.

"Haya," akasema. "Mmemwona?"

Ukavuta pumzi. Naijua pumzi ile, baba, ndiyo iliyokuwa ikitangulia simba. Nikasubiri.

"Hatukumwona," ulisema. "Tumeona ngiri na watoto wanne. Wa mwisho alijikwaa."

Mama akaegemeza ufagio ukutani.

"Hiyo," akasema, "ndiyo ya kwanza ninayoiamini."

Akaketi kizingitini, akakuvuta mkono ukae naye, akataka uianze toka mwanzo. Mwanga ulikuwa unaingia. Vumbi letu lilikuwa bado linaelea, lako na langu, halijaamua litue wapi, na hakuna aliyelifagia.