Tobo la Shemeji Treva

"Awei! Awei! Aweeei!"

Sauti ilitoka mpungani kabla umande haujakauka, nene, yenye mikwaruzo, sauti ya koo lililozoea kushindana na uwanja mzima. Mara ndege wakanyanyuka kwa mkupuo, mabawa yakavuma kama mvua ya ghafla juu ya bati.

Scolastica, aliyekuwa akishuka njia ya shamba na chupa ya chai mkononi, hakuhitaji kumwona mwenye sauti. Michenga nzima ilimjua. Juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia mpunga, miguu mirefu ikining'inia, alikaa Treva, Mwingereza, mume wa marehemu dada yake Leticia. Alikuwa kipa huko kwao karibu miaka ishirini, kwenye timu ndogo ndogo za miji ya viwanda, na neno lile lile la Kiingereza alilowafokea mabeki wake waondoe mpira ndilo alilowafokea ndege wa Kilombero. Na ndege, tofauti na mabeki, walimsikia.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama. Ndege wako wana njaa kuliko mimi."

Scolastica alimpandishia chai. Zamani angemjibu kwa kejeli, naye angerudisha, mpaka Leticia aje kuwaamua huku anacheka. Lakini tangu wamzike Leticia, mwaka uliopita, utani wao nao ulikuwa umelala. Mtu humtaniaje mfiwa?

Kulikuwa na jambo jingine lililomkaba. Kila jioni dada yake Treva alipiga simu kutoka Uingereza: rudi nyumbani, huko unakaa kwa nani tena? Treva alijibu kwamba atasema baada ya mavuno. Na mpunga, jamani, ulishaanza kuinamisha vichwa. Huyu akiondoka, Scolastica aliwaza, dada yangu atakuwa amekufa mara ya pili.

Siku hiyo, saa kumi jioni, maveterani wa Michenga walikuwa wacheze na maveterani wa Mang'ula, na Treva ndiye angesimama golini. Wiki nzima Scolastica alikuwa amejigamba sokoni. "Mang'ula waje na gunia la kubebea aibu yao. Kipa wetu amedaka Ulaya!"

Mchana Hilary, mwenye banda la kuonyeshea mpira, akamwita Scolastica kwa jina la mwanawe.

"Mama Omega, njoo umwone bingwa wako."

Kwenye simu ya Hilary kulikuwa na video ya zamani: uwanja mkubwa uliofurika watu, na Treva kijana, nywele nyekundu, glavu za njano. Mpira ulimjia taratibu, umechoka, kama bata anayerudi bandani. Akainama. Mpira ukapita katikati ya miguu yake, ukaingia wavuni. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Tobo!" Hilary akajipiga paja. "Kipa wa Ulaya kapigwa tobo! Nimeshawatumia wote, mpaka Mang'ula wanayo."

"Mjinga wewe," Scolastica alisema, akaondoka, masikio yakimwaka moto.

Aibu yake mwenyewe hakuijali. Aliliona lile kundi litakalojipanga nyuma ya goli, kila mpira ukija lipige kelele, tobo, tobo, mpaka mtu mzima aombe nauli ya kurudi kwao. Hapana! Huyu ana wenyewe.

Kwao kuna mila. Shemeji akishamcheka mtu hadharani, kicheko kimekwisha; atakayekirudia ameingilia utani usio wake, naye hulipa kuku. Basi timu zilipoingia uwanjani, Scolastica akatembea mpaka mbele ya goli, akafunga khanga kiunoni, akaimba kwa sauti ya kwaya ya Pasaka:

"Kipa kaja Tanzania, glavu ziko mkononi,
Mpira ukamwambia, nipishe nipite chini,
Miguu akaachia, kama lango la zizini,
Na ng'ombe angepitia, na mchungaji pembeni!"

Watu walilia kwa kucheka. Wa Mang'ula walishikana mabega. Scolastica akainua kidole.

"Basi! Nimemcheka mimi, mwenye haki ya kumcheka. Atakayerudia alete jogoo kwangu, na asiwe wa kukopa!"

Uwanja ukatulia. Hilary akaificha simu mfukoni. Scolastica akageuka, uso umejaa ushindi, ili amwone shemeji yake akicheka.

Golini hapakuwa na mtu. Glavu zilikuwa zimelala kwenye mstari.

"Mama Omega," alisema Beatus, nahodha, "kipa umemla mbichi. Tangu mshororo wa pili huyo kashaondoka."

Scolastica akaziokota glavu, akaenda mbiombio shambani. Alimsikia kabla ya kumfikia. "Awei," ilisema sauti juu ya dungu, lakini bila nguvu, na ndege waliendelea kula.

"Shemeji."

"Hata wewe, Sko," alisema Treva bila kugeuka. "Baada ya mpira ule nilidaka miaka minane. Nilidaka penalti, nilivunja vidole. Hakuna aliyekumbuka. Walikumbuka tobo tu. Nilidhani huku nimepumzika."

Scolastica akapanda ngazi ya dungu, akakaa kando yake.

"Nilikucheka mimi ili asikucheke mwingine. Ungesubiri ungesikia mwisho: nimewafunga midomo kwa jogoo. Mgeni hatumchezei hivi. Mgeni tunampa kiti na soda, tunamsifu mpaka aondoke. Mimi nimekucheka kwa sababu nataka ukae." Akamwekea glavu mapajani. "Mwaka mzima nimekuheshimu kama mkuu wa wilaya. Nimechoka."

Mabega ya Treva yakaanza kutikisika, na Scolastica akaogopa kwamba analia. Alikuwa anacheka.

"Wiki ile ya tobo," alisema, "nilikwenda hospitali na kidole kilichovimba. Nesi mmoja mweusi akanishika mkono, akaniuliza: kidole ndicho kinauma, au miguu kwa kuachana sana? Nilikasirika! Nikarudi kesho yake nimgombeze. Na kesho yake tena."

"Leticia," alisema Scolastica, naye akacheka huku machozi yanamtoka. "Mdomo wake ule!"

Kutoka uwanjani filimbi ililia ndefu. Walikuwa wanamwita kipa. Treva akavaa glavu polepole, kidole kwa kidole, akashuka ngazi. Akiwa chini aligeuka, akawatazama ndege, akavuta pumzi.

"Aweeei!"

Mpunga wote ukanyanyua mabawa.

"Sko," alisema, "dada nitampigia mwenyewe leo. Na mwakani mpunga wako naulinda mimi, nakuahidi mbele ya ndege hawa. Akipita hata mmoja katikati ya miguu yangu, unicheke."