Mkwe Wangu Mlangoni pa Zahanati

Usiku wa jana niliota nimesimama katika mlango wa zahanati, nusu yangu ndani, nusu nje. Ndani binti yangu Sechelela ameshikwa na uchungu. Nje anakuja muuguzi, mmoja tu aliyepo, na muuguzi huyo ni Ndahani, mume wa Sechelela. Yaani mkwe wangu.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapishani karibu. Basi nimegeuza uso ukutani, naye amegeuza wake kwenye shamba la mtama lililo nje. Hakuna anayesogea.

"Shikamoo, mama," anauambia mtama.

"Marahaba, baba," nauambia ukuta.

Mlango ukakohoa. "Mama Sechelela, sheria unaijua?"

"Naijua ya Musa."

"Ya zahanati nayo ipo. Amzuiaye mhudumu wa afya asifanye kazi yake ana kosa. Adhabu: azibaye mlango atakuwa mlango."

Mbao kunifundisha mimi! "Hiyo ni ya wale wanaokuja na marungu," nikasema. "Mimi nina heshima."

"Marungu au heshima, mgonjwa anangoja vilevile."

Bega likaanza kuwasha. Kutazama, zimeota bawaba mbili na misumari yake. Sikushangaa. Niliuliza tu kama zimetiwa mafuta.

Mara tuko kanisani kwetu, mlango nao umekuja. Kitanda cha kujifungulia kiko pale pa madhabahu, na mizani ya kupimia watoto imevaa joho, inasikiliza kesi.

"Mshtakiwa, umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu mkwe aje."

"Utaondoka lini?"

"Mkwe akiondoka."

"Akiondoka, mwanao atazalishwa na nani?"

Nikasali, lakini midomo ilishaanza kuwa mbao. Amina yangu ikatoka kama mlio wa komeo.

Sechelela akapiga kelele kitandani: "Mama! Heshima gani ya kuniua? Si umfunike na kitu apite!"

"Kumbe," mizani ikasema. "Mahakama haikuwa imelifikiria hilo."

Mkono mmoja bado ni wa nyama. Navua khanga ya juu, nairusha bila kutazama. Inamfunika Ndahani kichwa hadi kiunoni. Sasa si mkwe tena, ni khanga inayotembea.

"Hodi, mama," khanga inasema.

"Pita, baba. Inua mguu, kizingiti kiko juu."

Akapita. Bawaba zikanidondoka miguuni, moja, kisha ya pili. Nikiwa nimeinama kuziokota, kitoto kikalia.

Nikaamka. Kumekucha. Sechelela yuko kwa mumewe, mwendo wa siku mbili kwa miguu, na siku zake zilikuwa hazijatimia, bado wiki mbili.

Nikamshukuru Mungu kwa kuamka, nikachukua khanga msumarini nijifunge niende sala ya asubuhi. Kwenye pindo imebandikwa plasta, kama zile wanazobandika kwenye nguo za vichanga ili wasichanganywe. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Mtoto wa Sechelela, KE, kilo 3.1.

Herufi zimepandana, kama za mtu aliyeandika akiwa amefunikwa kichwa.